Mwaka wa Sinema ya Maji

Siku tuliyomzika mume wangu nilikula vizuri. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepika wali, ndengu na nyama ya mbuzi, wakaniletea sahani chumbani na kuketi kando ya kitanda kunitazama, kama mtu anavyochunga maziwa yaliyo motoni. Nikala, nikamaliza, nikaomba maji ya kunywa. Niliwaona wakitazamana. Baadaye binti yangu Mwikali, ambaye ni mwalimu huko Wote na amezoea kusoma nyuso za watoto wanaoficha jambo, alinifuata jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, uko sawa kweli? Hujalia hata kidogo." Nikamwambia niko sawa. Haukuwa uongo, wala haikuwa kweli. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaushika kwa mkono wa pili, lakini wenyewe haujibu. Watu walinisalimu, nikawaitikia. Mchungaji alihubiri, nikasikia kila neno na hakuna lililoingia. Udongo ulipoanza kumwagwa juu ya jeneza la Musyoka, mtu niliyeishi naye tangu tukiwa vijana hadi tukazeeka, niliona kwamba mmoja wa wachimbaji amevaa viatu visivyolingana, na hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani. Wengine walisema ni imani. Mwikali alidhani ni ugonjwa. Mimi nilijua ni nini, kwa sababu hali hiyo ilikuwa imenijia mara moja kabla, nikiwa bado msichana, ikakaa nami karibu mwaka mzima. Na mwaka huo niliuishi mjini Kitui, nyumbani kwa shangazi yangu, nikitazama sinema moja tu.

Nilizaliwa wapi na nilisoma hadi darasa gani si mambo ya hapa. Inatosha kusema kwamba miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho, nilikuwa nimeolewa Mukuyuni muda mfupi uliopita, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imefika miezi yake yote. Uchungu uliponishika mambo yakaharibika. Nikapelekwa hospitali ya mbali kwa gari la kuazima, nikapewa dawa ya usingizi, nikapasuliwa. Nilipoamka tumbo lilikuwa limeshonwa na pembeni yangu hapakuwa na mtoto. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono mapajani. Nilimwita Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama. Nilifungua mdomo, naye akaniwahi. "Usiulize," alisema. "Jambo kama hilo haliulizwi. Ukiliuliza, unawafungia njia wale watakaokuja." Musyoka hakuwepo nilipoamka. Alikuja kesho yake, akasimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi, na nikaona usoni kwake kwamba naye ameambiwa maneno yale yale. Aliniuliza kama nimekunywa uji. Nikasema nimekunywa. Hivyo ndivyo tulivyozungumza siku hiyo, na hivyo ndivyo tulivyoendelea nyumbani: uji, kuni, ng'ombe. Maziwa yalinijaa kifuani, nikafungwa kanga kwa nguvu hadi yakakauka. Sikulia. Nilikuwa naunguza chakula nikiwa nimesimama mbele yake, nakitazama kinavyoungua. Hatimaye baba mkwe akasema niende nikapumzike kwa shangazi yangu Kitui, nijifunze kushona, nirudi nikipata nguvu. Musyoka alinisindikiza hadi steji, akanipandishia mzigo juu ya basi. "Nitakuja kukuona," alisema. "Sawa," nikasema. Basi likaondoka na sikugeuka kumwangalia, si kwa hasira, ila haikunijia kwamba watu hugeuka.

Shangazi Rebeka, dada ya baba, hakuwahi kuolewa. Alikuwa fundi wa nguo, mrefu, ameokoka, kiongozi wa akina mama katika kanisa lake, na alikuwa na vyumba viwili vya mabati upande wa Kalundu, karibu na soko. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi na cha wageni na cha maombi, vyote pamoja: cherehani mbili za miguu chini ya dirisha, meza yenye kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kalenda yenye mstari wa Biblia. Cha nyuma ndimo tulimolala. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, na kila Jumamosi asubuhi niliipaka nta na kuisugua hadi nikaona uso wangu ndani yake, na niliutazama tu, kama unavyotazama picha ya mtu wa kalenda. Mchana tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na mbaazi. Jioni ugali na kunde. Shangazi aliomba kabla ya chakula kwa muda mrefu hata ugali ukafanya ngozi. Hakunisukuma nizungumze. Alinifundisha kukata kola na kupiga pindo, na aliponiona nimeacha kukanyaga cherehani nikitazama ukuta, alinisogezea kazi nyingine bila neno. Kutoka chumba cha nyuma niliwasikia akina mama wa kanisa wakija kupimwa nguo, na sauti zao zikishuka walipofikia habari zangu. "Ameshalia?" mmoja aliuliza. "Bado," Shangazi alisema. "Na bwana yake, hajakuja?" "Bado." Nilikuwa nimeketi kitandani nikifumua uzi, nikawasikiliza kama wanamsema mtu mwingine, hata nikamwonea huruma kidogo mtu huyo.

Nyuma ya ukuta wa mabati aliishi Bi Zuhura. Babu yake alitoka pwani na wafanyabiashara, akaoa Kitui, ukoo ukabaki hapo. Alikuwa mama mtu mzima, Mwislamu, mpishi wa mahamri, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu; lakini alipotaka kutuchekesha aligeukia Kiswahili cha pwani na kutusahihisha cha kwetu. Yeye na Shangazi walikuwa majirani wa miaka mingi, wakiazimana chumvi na kubishana juu ya Mungu bila kuchoka. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana alisimama mlangoni amevaa buibui. "Ndinda, mwanangu, nisindikize sinema," alisema. "Dada yangu kahamia Mwingi, nami sipendi kukaa peke yangu katikati ya wanaume."

Shangazi akasimamisha cherehani. "Zuhura, huyu ni mtoto wa kanisa."

"Simpeleki kubadili dini, Rebeka. Kumsindikiza mzee nako kumekuwa dhambi?"

Shangazi alinigeukia. Nadhani alitaka niseme kitu, chochote, ndiyo au hapana. Nikavaa viatu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani lenye paa la mabati. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili mchana ugeuke usiku, mbele kulikuwa na mabenchi, nyuma viti vya kukunja, na ukuta wa mwisho uliopakwa chokaa ndio ukawa mahali pa picha. Palinuka njugu, jasho na mafuta ya nywele. Nyuma yetu mashine ilinguruma kwenye kijumba chenye tundu. Sinema ilikuwa ya Kihindi, ndefu, yenye nyimbo nyingi, na ilipofika kwetu ilikuwa imeshavuma Nairobi na Mombasa hata watu, tuliambiwa, wakavunja milango. Jina lake la kweli sikujua kulitamka. Sisi tuliiita Sinema ya Maji. Ilikuwa juu ya dada wawili wa kijiji kikavu. Mkubwa ameozwa kwa tajiri mwenye bwawa, na huyo tajiri amefungia maji yote nyuma ya lango la chuma. Mdogo amebaki kijijini akichota tope. Kati yao kuna ukuta mrefu, na dada hao huimbiana wakiwa pande mbili za ukuta bila kuonana. Kuna polisi mnene anayeanguka na baiskeli, kuna mzee anayefia langoni akiwa ameshika kibuyu kitupu, na mwishoni kabisa yule dada mkubwa anaiba ufunguo kiunoni mwa mume wake aliyelala, anazungusha gurudumu la lango kwa mikono yote miwili, na maji yanakuja. Hakuna aliyeelewa lugha. Watu wa Kitui waliwapa wahusika majina ya nyumbani: dada mkubwa akawa Mutanu, mdogo akawa Mwende, na tajiri akaitwa Chifu. Hata siku chifu wa lokesheni mwenyewe alipokuja kutazama na wake zake, watu waliendelea kumwita tajiri Chifu, na chifu akacheka pamoja nao, ingawa si sana.

Mara ya kwanza sikuhisi kitu. Picha zilipita machoni pangu kama magari barabarani. Jumamosi iliyofuata Bi Zuhura akanipitia tena, sinema ikiwa ile ile, na ndipo jambo likatokea ambalo hata leo najitahidi kulieleza. Polisi alitokea kwa mbali kwenye baiskeli yake, na mimi nikajua ataanguka. Nilijua kabla ya jiwe, kabla ya kuku kukimbia barabarani, na muda ule mfupi wa kumngoja aanguke ulinigusa mahali fulani chini ya mbavu. Akaanguka. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha. Watu husema raha ya sinema ni kutojua kitakachofuata, na labda ndivyo ilivyo kwa mtu ambaye maisha yake yanakwenda vizuri. Mimi nilikuwa nimewahi kuamka nikakuta mambo yameshaamuliwa nikiwa nimelala. Humo ukumbini hakuna kilichoweza kuamuliwa bila mimi. Mzee alikufa langoni kila mara, na kila mara nilikuwa macho, nikiwepo, nikimwona akienda. Sikumlilia. Lakini nilimwona.

Basi nikawa wa kurudi. Sinema iliyopaswa kukaa siku chache ilikaa miezi, kwa sababu watu hawakuacha kuja. Mvua ilikuwa imekataa mwaka ule. Wafugaji walioleta mbuzi sokoni kutoka Ikutha, midomo imepasuka kwa vumbi, waliingia kutazama kabla ya kuanza safari ya kurudi, na walioitazama jana waliwaleta ndugu zao leo. Tulijua nyimbo zote kwa sauti bila maneno. Ukumbi mzima uliimba Kihindi kisicho cha Mhindi yeyote. Mkanda ulipokatika, taa zikiwashwa, wanaume walipiga mbinja na mtu mmoja alisimama kuigiza sehemu iliyokuwa imebaki, na wengine wakamrekebisha: hapana, anashika mlango kwa mkono wa kushoto. Nilijua mahali ambapo mwanamke wa benchi la mbele angeguna. Nilijua pia ukimya ulioanguka Mutanu aliponyoosha vidole kuelekea ufunguo, ukimya wa watu wengi wanaojua mtu hataamka na bado wanaogopa ataamka. Na maji yalipobubujika, yakishuka mfereji, yakimpita mzee aliyekufa, yakifika kwa Mwende na ndoo yake, watu wote walisimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Wengine walivua kofia. Mimi pia nilisimama, kwa kuwa miguu yangu iliinuka na ya wengine, na kwa muda huo nilikuwa na miguu.

Nilianza kwenda na Jumapili, baada ya ibada, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa Shangazi. Niliporudi jioni moja nilimkuta ameshapakua chakula. Aliomba kwa ufupi, jambo lisilo la kawaida.

"Ndinda, huko unaendanga kutafuta nini?"

"Hakuna kitu natafuta, Shangazi."

"Si ni hiyo moja tu? Mtu akishaona kitu, ameona."

Nilifikiria. "Najua kila kitu chenye kinakuja," nikasema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizosema katika nyumba ile.

Shangazi alitazama sahani yake. "Wazee wa kanisa wameniita. Wamesema siwezi kuongoza akina mama na nimeshindwa na msichana mmoja kwa nyumba yangu. Wamesema nikurudishe kwenu ama nikuzuie, ama niachie mwingine hicho kiti."

"Na wewe umesema nini?"

"Kula," alisema. "Chakula kinapoa."

Jumapili iliyofuata nilimwona amekaa benchi la nyuma kanisani, na mwanamke mwingine akisimama mbele kuanzisha wimbo. Shangazi aliimba kwa nguvu kama kawaida. Nilielewa alichokitoa kwa ajili yangu, nilielewa kwa akili kabisa, kama unavyoelewa hesabu iliyoandikwa ubaoni. Sikuweza kufika karibu zaidi ya hapo. Na mchana wa siku ile ile nikaenda sinema, na Shangazi hakunizuia. Alichofanya, kama nilivyokuja kujua, ni kumpa kondakta wa basi la Makueni ujumbe wa mdomo apeleke Mukuyuni: mwambie Musyoka aje amwone bibi yake, kwa sababu mimi nimefanya ninaloweza.

Alikuja Jumamosi, jua likiwa utosini, na kuku mikononi na mfuko wa pojo begani. Alikuwa fundi wa mawe, na vumbi la saruji halikuwahi kumtoka masikioni hata alipooga. Alikuwa amekonda. Shangazi alimpa kiti na chai, akamweleza bila kuzunguka. "Mwanangu, Ndinda hana shida na mimi. Kazi anafanya. Lakini Jumamosi na Jumapili yuko sinema. Na si sinema mbalimbali. Ni moja."

"Gani?"

"Ya maji."

Musyoka akazungusha kikombe. Nilingoja aniambie nifunge mizigo. Nilikuwa tayari kufunga. Ingekuwa kama kufunga mizigo ya mtu aliyehama. Akaweka kikombe chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Inaanza saa ngapi?"

"Saa nane," nikasema.

"Basi tutachelewa."

Bi Zuhura alikuwa tayari mlangoni na buibui lake. Alimtazama Musyoka toka kofia mpaka viatu, akarudi nyuma hatua moja. "Leo una wa kukusindikiza," aliniambia. "Mimi nitakaa na Rebeka tubishane."

Musyoka hakuwa amewahi kuingia ukumbi wa sinema. Alichokijua ni gari la serikali lililokuja sokoni mara chache kuonyesha namna ya kupanda mahindi kwa mistari. Aliketi ameshika kofia magotini, na picha ilipoanza kwa kelele za ngoma akashtuka. Baada ya muda akaniinamia. "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni Mutanu, dada mkubwa. "Mbona analia, si ana nyumba nzuri?" Nikamwambia kwa nini. Akauliza lingine, nikajibu, kisha sikungoja aulize. Nilimsimulia kwa Kikamba, mdomo wangu karibu na sikio lake, mbele kidogo ya picha: sasa atatokea polisi, tazama yule kuku, sasa ataanguka. Polisi akaanguka, ukumbi ukacheka, na nilipogeuka nikaona Musyoka haangalii ukuta. Ananiangalia mimi. "Endelea," alisema. Nikaendelea. Nilikuwa nimesahau kwamba nina sauti nyingi kiasi hicho. Mwanaume wa benchi la mbele akageuka. "Mama, tuache tuone wenyewe." Jirani yake akamgusa bega. "Mwache aseme, na mimi sielewi." Hivyo nikawasimulia watu wa mabenchi mawili, dada na dada, ukuta, mzee na kibuyu chake, hadi vidole viliponyooshwa kwenye ufunguo, na hapo nikanyamaza kwa sababu hapo hakuna asemaye. Maji yakaja. Watu wakasimama. Musyoka alichelewa kusimama, akanishika mkono ili ainuke, na hakuuachia. "Lile lango lingeng'oka zamani," aliniambia tukitoka nje, macho yakiwa yanauma kwa jua. "Hawakuweka saruji ya kutosha." Nadhani nilitabasamu. Yeye alisema baadaye kwamba nilitabasamu.

Tuliingia hoteli moja karibu na soko, yenye meza za bati na nzi wa kutosha, akaagiza chai, chapati na maharagwe. Nilikuwa na njaa. Nilikula yangu yote, kisha nikaona amenisogezea yake, nikala na hiyo. Mwenye hoteli alikuwa akizozana na mtu jikoni juu ya kuni mbichi. Musyoka alikuwa akinisimulia habari za nyumbani, ng'ombe aliyezaa, tangi la mawe analojenga shuleni. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu nikamuuliza.

"Alikuwa nini?"

Alijua nilichouliza. Alitazama mlango, kama mtu anayedhani mama yake ataingia. "Mwaitu alikataza," alisema.

"Najua."

"Alikuwa msichana."

Hata hilo nilikuwa sijui. Akaondoa kikombe mbele yake, akaweka mikono mezani, na akaniambia yote, polepole, bila kuruka kitu. Kwamba mtoto hakulia hata mara moja. Kwamba nesi alimleta amefungwa kwa kitambaa, na Mwaitu akasema aachwe hapo, hospitali wana namna yao, na yeye akasema hapana, huyu ana kwao. Kwamba hakuwa na gari, kwa hiyo alimbeba akapanda naye basi. "Nilimshika kama mtoto anavyoshikwa," alisema. "Kichwa hapa, kwa mkono. Kando yangu kulikuwa na mama mmoja mzee. Akaniuliza mama ya mtoto yuko wapi, nikasema amebaki hospitali. Akanipa pole. Akasema, 'Lakini una mtoto mtulivu sana.' Nikamwambia, 'Ndiyo, mama. Ametulia.' Dirisha lilikuwa halifungi. Akatoa leso yake begani akamfunika, akasema upepo ni mbaya kwa mtoto mchanga. Aliposhuka nikataka kumrudishia. Akakataa. Akasema, 'Mpelekee mama yake.' Sikukuletea. Nilimzika nayo."

"Hukumwambia?"

"Sikuweza kumwambia. Alikuwa amefurahi."

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema chini ya shamba, penye mbaazi, upande wa mpaka wa mkonge. Alichimba mwenyewe, akapanga mawe juu, mawe mazuri. Nikamuuliza alikuwaje. Akasema alikuwa na nywele nyingi, na masikio yangu, na kucha ndogo zilizokamilika. Nikamuuliza alimpa jina gani.

"Sikumpa," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Tukampa jina pale mezani. Jina hilo sitaliandika hapa. Sikulia hata wakati huo, na Musyoka hakulia, ila mwenye hoteli alipokuja kuuliza kama tunataka kitu kingine alitutazama akarudi jikoni bila kungoja jibu. Ningependa kusema kwamba nilitoka pale nimepona. Haikuwa hivyo. Nilitoka nimeshiba, nikijua mahali mtoto wangu alipolala na nani alimfunika, na nilipofika kwa Shangazi nililala mpaka jua likawa juu. Musyoka alirudi kazini peke yake. Mimi nilibaki Kitui hadi nikajua kushona suti, na sinema ikaendelea, nikaendelea kwenda, ingawa siku nyingine nilijikuta nimekaa nje na Bi Zuhura tukimenya njugu tukasahau kuingia. Mkanda ulipopakiwa kwenye lori kupelekwa mji mwingine, nilisikia habari hiyo nikiwa natia kishikizo, nikamaliza kishikizo. Baada ya hapo nikarudi Mukuyuni. Wazee walimwomba Shangazi Rebeka arudi kuongoza akina mama, akawaambia amezoea benchi la nyuma, huko anasikia vizuri. Alikaa hapo mpaka alipofariki.

Mwikali alizaliwa, na wadogo zake wakafuata, njia haikufungwa. Mwaitu hakuwahi kujua kwamba niliuliza, au alijua akanyamaza. Siku nyingine nilikuta mtu ameng'oa magugu kwenye yale mawe, na Musyoka alisema si yeye. Na miaka yote ile, tukiwa wawili tu shambani tukichuma mbaazi, au mvua ikinyesha na watoto wako shule, nilimwambia, "Niambie ile ya basi." Alinisimulia. Alianzia pale pale, kwa nesi na kitambaa, na maneno yalikuwa yale yale, kichwa hapa, kwa mkono, ndiyo, mama, ametulia. Hakuwahi kuniuliza kwa nini nataka tena kitu ninachokijua. Akisahau dirisha lisilofunga, nilimkumbusha. Hakuna siku aliyosema amechoka, hata mwaka huu, pumzi yake ilipokuwa fupi na ikabidi apumzike katikati, kabla ya yule mama kushuka.

Wageni wa matanga walipoondoka, Mwikali alibaki nami. Mchana mmoja, tukiwa tumeketi nje upande wa kivuli tukichambua pojo, aliniuliza tena kwa nini silii, na akasema labda anitafutie daktari. Nikamwambia aweke ungo chini. Hakuwa anajua kwamba kuna aliyemtangulia; katika nyumba yetu yeye ndiye kifungua mimba, na ndivyo alivyoitwa maisha yake yote. Nilimwambia jina. Halafu nikamsimulia jinsi baba yake alivyopanda basi, na nilitumia maneno ya baba yake kwa sababu sina mengine. Mimi sikuwepo, na aliyekuwepo tumeshamzika. Mwikali alisikiliza hadi mwisho. Alitazama upande wa shamba, kisha mikono yake.

"Mama," alisema, "rudia hapo kwa leso."

Nikarudia.